Kwa Nini Juni Kuna Baridi?



Mlipoingia mlipewa karatasi yenye maswali saba. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama. Wapo waliocheka, wapo waliomnong'oneza jirani, na mmoja, simtaji, aliikunja haraka akaitia mfukoni kama mtu aliyepokea barua ya kudaiwa. Naomba muitoe. Haikusanywi, wala sitauliza nani kapata ngapi. Maswali yenyewe ni ya shule ya msingi. Tanzania ina mikoa mingapi? Ikweta inapita ndani ya nchi yetu? Kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, lipi lina maji mengi zaidi? Kwa nini mwezi wa Juni kuna baridi? Mwembe mkubwa ulipata wapi uzito wake wote ule? Bamvua hutokea mwezi ukiwa katika hali gani? Na la mwisho, mwezi unapoonekana nusu, ile nusu ya pili imefichwa na nini?

Kuwapima watu wazima kwa maswali ya watoto ni mchezo wa zamani, na magazeti huupenda. Marekani wana desturi ya kuwahoji raia wao namna hii kila baada ya miaka michache. Mwaka 2012, karibu robo ya waliohojiwa hawakujibu sawasawa kama dunia hulizunguka jua au jua huizunguka dunia. Habari ya aina hiyo huenea upesi, maana kila anayeisoma hujihesabu miongoni mwa wale robo tatu.

Mimi nimesahihisha madaftari ya jiografia kwa miaka zaidi ya thelathini. Kadiri nilivyozeeka ndivyo alama za vema zilivyopungua kunivutia, nikaanza kuyasoma makosa. Jibu sahihi halina historia: watu mia wakiandika 31, wote wameandika 31 ileile. Kosa lina anwani. Ukilifuata utafika kwenye darasa fulani, mwaka fulani, lugha fulani, na mara nyingine utakuta akili iliyofanya kazi kubwa kuliko ya yule aliyepata vema kwa kukariri. Basi jioni hii tusahihishe pamoja, lakini tuyafuate makosa mpaka kwao.

Tuanze na mikoa. Aliyeandika 31 yuko sahihi kwa leo. Lakini nikiwauliza wazee waliokaa mbele, wengi watasema 25, na hawajasahau chochote. Wakati wao Bara ilikuwa na mikoa 20 na Zanzibar mitano, na fimbo ilihakikisha inakaa kichwani. Manyara ulizaliwa mwaka 2002, ikawa 26. Mwaka 2012 ikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo anayejibu 26 alifundishwa kati ya 2002 na 2012, anayejibu 30 ni kijana wa juzijuzi, na ukimpata bibi anayeiita Kagera kwa jina la Ziwa Magharibi, mpishe kiti. Ni vivyo hivyo kwa anayesema Kilimanjaro una futi 19,340 badala ya mita 5,895, kwa anayeiita Burkina Faso Volta ya Juu, na kwa anayehesabu sayari tisa kwa sababu alimaliza shule kabla wanaastronomia hawajaiondoa Pluto kwenye orodha mwaka 2006. Kule Kenya mzazi atakuhesabia mikoa minane, na mwanawe atakuambia kaunti 47. Swali la mikoa, kwa ufupi, ni njia ya adabu ya kumuuliza mtu umri wake. Nashauri lisitumike kupima kitu kingine.

Maziwa nayapita haraka. Victoria ni pana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Tanganyika ni jembamba na linashuka mpaka mita 1,470. Maji yake ni kama mara saba ya yale ya Victoria. Walioandika Victoria walisoma ramani, na ramani huonyesha uso wa maji bila kina chake. Kosa hilo nalisamehe.

Ikweta haipiti Tanzania. Inapita São Tomé na Príncipe, Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya na Somalia. Mpaka wetu na Uganda, magharibi mwa Ziwa Victoria, umechorwa sehemu kubwa juu ya mstari wa latitudo ya nyuzi 1 kusini, yaani kilomita kama 110 kabla ya kuifikia Ikweta. Wengi wenu mmeandika "ndiyo" kwa sababu kitabu kilituweka katika nchi za Ikweta, kikimaanisha hali ya hewa, nasi tukasikia mstari.

Lakini Ikweta ina jambo jingine lililonisumbua zaidi. Nendeni Nanyuki, Kenya, au Kayabwe, Uganda, penye bango kando ya barabara. Mtamkuta kijana na beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Hatua chache kaskazini njiti inazunguka upande huu. Hatua chache kusini inazunguka upande ule. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka bila kuzunguka. Watalii wanapiga makofi. Anayepiga kwa nguvu kuliko wote ni msomi aliyelikumbuka jina la Coriolis kutoka kidato cha nne. Nguvu hiyo ipo, inatokana na dunia kujizungusha, na ndiyo inayopindisha njia za pepo kubwa. Ila kwenye Ikweta ni sifuri, na hatua ishirini kutoka hapo ni ndogo mno kugeuza maji ya beseni. Njiti huzunguka kufuata jinsi maji yalivyomiminwa na jinsi kijana alivyogeuka alipolinyanyua beseni. Asiyejua kitu huona mchezo na kuufurahia. Aliyekumbuka nusu huona uthibitisho, na hulipia.

Nusu hiyohiyo iliwahi kutugharimu zaidi ya kiingilio. Tufani kubwa za baharini huhitaji nguvu ya Coriolis ili zijikusanye na kuzunguka, ndiyo sababu ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande wa Ikweta. Darasani maelezo hayo yalifupishwa yakawa sentensi moja: Afrika Mashariki haina vimbunga. Sentensi ikabaki, sababu ikapotea. Lakini Zanzibar iko nyuzi 6 kusini, nje ya ukanda huo. Aprili 1872 tufani iliipiga, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuziangamiza merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Lindi, iliyo nyuzi 10, ilipigwa Aprili 1952. Na mwanzoni mwa Mei 2024 sote tulikaa na redio tukifuata Kimbunga Hidaya kikikaribia Mafia. Wakati ule nilisikia watu wazima, wasomi, wakisema haiwezekani, sisi tuko Ikweta. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekumbuka vizuri sana kile walichofundishwa.

Hapa nitoke kidogo kwenye karatasi niseme habari ya kusahau, maana nimeona wengine mnajilaumu.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanya mwanafunzi na mtahini wa nafsi yake. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akangoja, kisha akajipima. Matokeo akayachapisha mwaka 1885. Kipimo chake kilikuwa cha busara. Badala ya kuhesabu silabi alizokumbuka, alipima muda anaookoa akijifunza upya orodha ileile. Baada ya siku moja aliokoa kama theluthi moja ya kazi, na baada ya mwezi mzima bado aliokoa kama moja ya tano. Kichwa kinachodhaniwa kuwa kitupu kina mabaki, kama chungu kilichopikiwa jana. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Harry Bahrick alichapisha utafiti juu ya watu 733 waliokuwa wamejifunza Kihispania shuleni, baadhi yao miaka 50 nyuma. Miaka mitatu mpaka sita ya mwanzo walipoteza kwa kasi. Kisha upotevu ukasimama, na kilichobaki kikakaa karibu vilevile kwa miaka 25 na zaidi. Waliojifunza kwa muda mrefu zaidi ndio waliobakiwa na zaidi. Sasa fikirieni sisi tulivyoisoma ramani ya Afrika: wiki mbili darasa la sita, koroboi usiku wa kuamkia mtihani, kisha kwaheri. Muujiza ni kwamba mtu anaikumbuka Bujumbura. (Na hata hiyo, tangu 2019 Burundi imeihamishia Gitega hadhi ya mji mkuu wa kisiasa.)

Jambo moja zaidi na tuendelee. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba anayejipima juu ya alichosoma hukumbuka zaidi baada ya wiki kuliko anayekisoma tena na tena. Kwa hiyo karatasi iliyowaaibisha mlangoni tayari imeanza kuwatibu.

Tuje kwenye baridi ya Juni. Swali hili ndilo lililonileta hapa, na nina deni nalo.

Mwaka 1987 ilitoka filamu fupi ya elimu iliyopigwa kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard. Watu 23, wahitimu wakiwa ndani ya majoho, wahitimu wa zamani na walimu wao, waliulizwa kinacholeta misimu ya mwaka au kinachofanya mwezi ubadilike sura. Walikosea 21. Juu ya misimu, jibu lililorudiwa lilikuwa kwamba dunia ikikaribia jua kuna joto, ikienda mbali kuna baridi.

Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza sikucheka, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo ya ualimu mimi nilifundisha hivyohivyo. Nilichora ubaoni njia ya dunia yenye umbo la yai, nikaliweka jua pembeni, Januari hapa karibu, Julai kule mbali. Darasa likanakili. Na kila kitu kililingana! Ni kweli njia ya dunia si duara kamili. Ni kweli dunia huwa karibu zaidi na jua siku za mwanzo za Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Na ni kweli kwamba hapa Januari ni kaskazi na jasho, wakati Juni na Julai ni kipupwe, na wakulima wa Makete huamka wakakuta barafu nyembamba juu ya majani ya viazi. Mtanzania anayesema Juni tuko mbali na jua ana ushahidi mkononi. Yule mhitimu wa Harvard hana, kwake Januari ni theluji mlangoni. Alikosea akiwa anapingwa na dirisha la nyumbani kwao. Sisi tunakosea tukiungwa mkono na ngozi zetu wenyewe.

Aliyenitoa gizani ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama Januari dunia yote iko karibu na jua, mbona kwenye kalenda ya nyumbani picha ya Januari ni theluji?" Nilimjibu kwamba swali hilo tutalitazama kipindi kijacho. Walimu wenzangu mnaifahamu sentensi hiyo na mnajua inatumika lini.

Afadhali sikumcheka. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alitia kwenye jokofu maziwa ya aiskrimu yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akalirudia swali mbele ya mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani, lakini jina la kijana yule liko vitabuni, na majina ya waliomcheka hayapo.

Kipindi kijacho kilifika baada ya wiki mbili, nikiwa nimeshinda maktaba. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na huelekea upande uleule mwaka mzima, kama msafiri aliyebeba mwavuli bila kuubadilisha mkono huku akilizunguka soko. Juni nusu ya kaskazini ndiyo iliyoinamia jua, na jua la adhuhuri liko utosini mwa watu wa Tropiki ya Kansa. Hapa Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini, adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Nuru inatufikia mshazari na kutandaa juu ya eneo pana zaidi. Mchana wenyewe ni mfupi kuliko wa Desemba kwa dakika kama 45. Juu ya hayo, kusi inavuma, ikitoka upande wa bahari ambako wakati huo ndiyo kweli majira ya baridi. Desemba jua lipo kusini, lakini ni nyuzi 17 tu kutoka utosini.

Na umbali? Nilipostaafu nilikuwa na muda, nikapiga hesabu kwa latitudo ya jiji hili. Mwinamo wa mhimili peke yake hupunguza nuru tunayopokea siku moja ya Juni kwa asilimia kama 15 ukilinganisha na siku ya Desemba. Umbali hupunguza nyingine asilimia 6 hivi. Kwa hiyo aliyeandika "tuko mbali na jua" hapa Dar es Salaam ninampa alama moja kati ya nne. London ningempa sifuri, kwa sababu kule mwinamo hutawala kabisa, na umbali hufanya kazi kinyume chake. Miaka yote vitabu vinasema jibu la umbali ni kosa, basi. Havisemi ni kosa kwa kiasi gani, wala havisemi viliandikwa vikimfikiria mtoto wa nchi gani.

Lugha nayo imetia mkono wake. Majira yetu tuliyapa majina kwa upepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Kisha tafsiri za vitabu zikaja na majira manne ya Ulaya, zikayaazima majina hayohayo kuyavika mambo mengine. Yale majira ya majani kupukutika yakaitwa vuli. Mtoto anasoma kwamba vuli miti hupukutisha majani, anatazama nje Novemba, mvua za vuli zinanyesha na kila kijiti kinachipua. Anafanya uamuzi wa busara kabisa: kitabu ni cha mtihani, dirisha ni la maisha. Uamuzi huo akishaufanya mara moja, atautumia kwa mambo mengi.

Kama mnataka kulisahihisha jibu lenu bila kitabu, siku chache zijazo, tarehe 10 Oktoba, jua litapita utosini mwa Dar es Salaam. Litarudi tena mwanzoni mwa Machi. Simamisheni kijiti wima mahali palipo sawa, saa sita na dakika kumi hivi mchana. Kivuli chake kitajificha chini ya kijiti chenyewe. Rudini hapohapo adhuhuri ya Juni, mtakiona kimelala upande wa kusini, kirefu kupita nusu ya kijiti. Umbali wa jua hauwezi kufanya hivyo.

Sasa mwembe. Swali hili nimelipeleka kwenye misiba, harusini na ndani ya daladala, na karibu kila mtu hunijibu: ardhini, mizizi hula udongo. Mbelgiji Jan Baptist van Helmont aliwahi kulijaribu wazo hilo. Alipanda mche kwenye chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka zaidi ya ratili 160. Udongo ukapungua wakia mbili. Akahitimisha kwamba mti umeumbwa kwa maji, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Kilichonipendeza ni hiki: Helmont ndiye aliyeipa dunia neno gesi, na moja ya gesi alizozieleza ni ile inayotoka mkaa ukiungua. Leo tunaiita hewa ukaa. Aliishika mkononi ile iliyojenga mti wake, akaitazama, akaiweka pembeni.

Majani huchukua hewa ukaa na maji, na kwa nguvu ya nuru hutengeneza sukari. Kutoka sukari mti hujijengea shina, matawi na maembe. Ukiukausha mwembe, uzito unaobaki karibu wote unatoka kwenye mambo hayo mawili, na udongo umechangia chumvichumvi kidogo. Katika hewa tunayovuta, hewa ukaa ni asilimia 0.04 hivi. Shina unaloliegemea mchana limekusanywa kutoka huko.

Kosa hili lina anwani mbili. Moja ni macho: tunaona mizizi ikishuka, tunaona samadi ikisaidia. Ya pili iko kwenye ratiba ya shule. Nimewahi kumuuliza mhasibu mmoja, mtu makini, akajibu udongo. Nikamwomba anieleze usanisinuru. Akasita kidogo, kisha akaniporomoshea maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, na hewa ukaa ikiwemo ndani. Alikuwa na jibu na hakujua kwamba ni jibu la swali langu. Shule ya msingi alijifunza kwa Kiswahili wenzo, roda, kabari, msuguano na mmea unaojitengenezea chakula. Kidato cha kwanza kila kitu kikaanza upya kwa Kiingereza, bila mtu kumwambia kwamba mmea ni uleule. Amebaki na makabati mawili, na funguo za moja hazifungui la pili. Atakayepima kumbukumbu za Watanzania kwa lugha moja tu amepima kabati moja.

Na swali hili si la mapambo. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, hupata fedha za biashara ya hewa ukaa kwa kutunza misitu yao. Mzee wa kijiji anayetia saini mkataba huo anauza nini hasa? Kama mti umetoka udongoni, mkataba ni kiinimacho cha wazungu. Kama mti ni hewa iliyokamatwa na kufungwa, anaweza kuuliza imefungwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nani ameipima.

Swali la bamvua niliweka kwa ajili ya ndugu zetu wa Kunduchi na Kigamboni, wasije wakasema mhadhara ni wa wenye vyeti. Mvuvi halikosei. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baada yake, kwa sababu nyakati hizo jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja na dunia na mivutano yao inajumlishwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii huweza kufikia mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu, mivutano inapingana, na maji yanakuwa mafu. Mvuvi anajua pia kwamba maji ya kesho yatachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko ya leo, na hupanga safari kwa hilo. Muulize nani aliyeeleza sababu mwaka 1687, hatamtaja Newton. Nilimpeleka ufukweni rafiki yangu mmoja anayemtaja Newton vizuri sana, na kanuni yake, akaegesha gari mchangani asubuhi ya bamvua maji yakiwa yamepwa. Gari lilitolewa na wavuvi wanane. Kama ningekuwa mtahini ningewakalisha dawati moja yeye na nahodha wa ngalawa, na ningewaruhusu waangaliziane.

Limebaki la saba. Nimewaona wengi mmeandika kwamba ile nusu ya mwezi imefichwa na kivuli cha dunia. Sitasema kama ni sawa. Leo mwezi una siku saba, na kwa sababu hiyo maji ya Feri usiku huu ni mafu. Jua limezama tukiwa humu ndani. Mkitoka mtauona mwezi uko juu bado, umeanza kuelekea magharibi. Tazameni nusu inayong'aa imegeukia wapi, kisha mkumbuke jua limezamia upande gani, na mjiulize dunia ingesimama wapi ili kivuli chake kifike pale. Muuza machungwa yupo getini, na kila mmoja wenu ana tochi kwenye simu. Mnaweza kulimaliza kabla daladala haijajaa. Karatasi bakini nazo. Nyuma nimeacha nafasi ya kuchora.